Njia Katikati ya Chai ya Drusilla

Drusilla Kemunto alikuwa mtu wa shukrani, ila si mbele ya aliyemkanyagia chai. Kwenye kilima kilicho juu ya soko la Masimba, kila mtoto aliyewahi kuvaa sare ya shule alilijua hilo. Ukikutana naye akitoka kanisani, kitambaa cheupe kichwani, atakuuliza habari za mama yako, za nyanya yako, na za yule ng'ombe wenu aliyekuwa na homa, na kila jibu atalipokea kwa "Mungu ni mwema." Lakini akikukuta shambani mwake na mguu wako uko katikati ya michai, habari za Mungu hutazisikia. Utasikia habari za ukoo wako wote, kuanzia babu yako aliyehamia kilimani bila kuaga alikotoka.

Watoto walimwita Askari wa Chai. Alijua, na jina hilo halikumchukiza hata kidogo.

Shamba lenyewe lilikuwa dogo. Huko kwao hakuna shamba kubwa tena; ardhi imegawanywa ikagawanyika, mpaka ndugu wawili wanaweza kwenda kwa chifu kwa sababu ya upana wa jembe moja. Lake lilikuwa kipande chembamba kilichonyooka mgongoni mwa kilima. Alipanda chai hiyo mwaka alioolewa, yeye akibeba miche kichwani na mumewe Mose akichimba mashimo. Mose alikuwa ameshafariki. Chai ilibaki, ikasomesha watoto wakubwa, na sasa ilikuwa ikimsomesha kitindamimba, Sharon, aliyekuwa Gredi ya Tisa.

Kilichofanya kipande hicho kiwe na maadui ni mahali kilipolala. Upande wa juu kulikuwa na shule ya Wasabato, na upande wa chini shule ya Wakatoliki. Hapo zamani kila dhehebu lilitaka shule yake, maana hakuna mzazi aliyetaka mtoto wake ajifunze kusoma kwa maombi ya jirani, basi zikajengwa mbili na michai ikabaki katikati. Watu waliziita tu Shule ya Juu na Shule ya Chini. Kwa barabara, kutoka moja hadi nyingine, ulishuka mpaka kijitoni, ukazunguka kituo cha kuuzia majani chai, kisha ukapanda tena huku ukitweta. Ukipita katikati ya chai ya Drusilla, ulifika kabla hujamaliza kula ndizi uliyoanza kumenya ulipoondoka. Ndiyo sababu watoto walipita, na ndiyo sababu Drusilla alipiga kelele.

Mtaala mpya ulipokuja, na madarasa ya sekondari ya chini yakawekwa ndani ya shule za msingi, kila shule ilipata ilichopata. Shule ya Juu ilipata maabara. Waliosoma pale zamani walichanga, wakajenga chumba chenye meza ndefu, masinki, mabomba yanayotoa maji kweli, na kabati zilizojaa vyombo vya kioo. Mwalimu wa sayansi hawakumpata. Yule aliyeletwa aliondoka kabla ya muhula kwisha, na mwalimu mkuu, kwa kuogopa vioo kuvunjwa, akatia kufuli mlangoni. Shule ya Chini nayo ilipata mwalimu. Madam Roselyne alikuwa binti wa upande wa Nyamira, mwalimu mwanagenzi ambaye hata ajira ya kudumu alikuwa bado anaingojea, na kemia aliijua kwelikweli. Alikuwa akiifundisha katika chumba ambacho maji yake yalitoka kijitoni kwa mtungi wa plastiki.

Kila asubuhi wakubwa walibishana redioni kuhusu mtaala huo, kama ni mzuri au ni mbovu, nani amependelewa na nani ameonewa. Drusilla aliwasikiliza huku akichuma, redio yake ndogo ikining'inia shingoni, na alikubaliana na kila aliyezungumza. Yeye alikuwa na jambo moja tu lililomnyima hamu ya kula. Sharon, aliyesoma Shule ya Juu, alitaka kwenda Gredi ya Kumi kwenye mkondo wa sayansi. Mwisho wa mwaka angetahiniwa juu ya mambo ambayo ameyaona kwenye picha za kitabu tu, na chumba chenye vitu vyenyewe kiko hatua chache kutoka dawati lake, kimefungwa kwa kufuli. Kila Sabato Drusilla aliliombea jambo hilo, na alikuwa ameanza kuona haya kumrudia Mungu kwa ombi lile lile.

Katika muhula wa pili alianza kuona matawi yaliyovunjika. Si ya njia moja tu. Mtu, au watu, walikuwa wakipita kwa kuinama kati ya mistari, na walijua kujificha. Drusilla alivizia asubuhi, akavizia wakati wa mapumziko, hakuona mtu. Basi akakata matawi ya miiba, yale ambayo hata mbuzi huyapisha, akayapachika kwenye kila mwanya na kuyafunika vizuri kwa majani. Jioni hiyo alikula kwa hamu.

Kesho yake Sharon alirudi nyumbani akiwa amevaa sweta, na jua lilikuwa kali.

"Vua hilo sweta uoshe vyombo," mama yake alimwambia.

"Naosha nalo tu."

"Utalilowesha. Vua."

Sharon akavua polepole. Mikono yote miwili ilikuwa imechanwachanwa hadi kwenye viwiko.

"Hii ni nini?"

"Nilianguka, Mama."

"Ulianguka juu ya paka?"

Sharon alijaribu kucheka, kicheko kikageuka kilio, na katika kilio hicho habari yote ikatoka. Si yeye peke yake. Walikuwa wachache wa Gredi ya Tisa kutoka Shule ya Juu, na saa za michezo walikuwa wakipenya katikati ya chai kwenda kusikiliza kipindi cha sayansi kwa Madam Roselyne. Walianza kwa kusimama dirishani.

"Kwa Wakatoliki?" Drusilla aliuliza, si kwamba aliona ubaya, ila ndilo neno lililotangulia kinywani.

"Kwa mwalimu," Sharon alijibu.

Hasira ya Drusilla ilikuwa kama maziwa jikoni, ikishapanda lazima imwagike mahali. Kwa binti yake haikuweza kumwagika, maana mikono ile alikuwa ameichana yeye mwenyewe. Ikabidi imwagike Shule ya Chini. Siku iliyofuata alivaa gambuti zake na kuzunguka kwa barabara, kwa sababu hata yeye hakukubali kupita katikati ya chai yake, na njia nzima alikuwa akipanga maneno. Huyu msichana amefikaje kuwaita watoto wa watu wakatoroka shule? Angepotea mtoto, angejibu nini? Angeumwa na nyoka je? Hapo kwenye nyoka alikumbuka miiba, akaruka akaenda kwenye neno lingine.

Alipofika mlangoni mwa darasa, maneno yakaanza kumwishia.

Madam Roselyne alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko la makaa, akichemsha kitu katika sufuria ya kupikia uji. Watoto wa Shule ya Chini, wenye sweta za kijani, walikuwa wamebanana kwenye madawati ya nyuma hadi wengine walikaa nusu. Kwenye dawati la mbele kabisa walikuwa wameketi watoto wachache wenye sweta za rangi ya damu ya mzee, na Sharon alikuwa mmoja wao. Wenyeji walikuwa wamejibana ili wageni waone vizuri. Drusilla aliwatazama wale waliokaa nusu dawati na akasahau alichokuja kusema.

Kipindi kilipokwisha, mwalimu alitoka nje akijipangusa mikono.

"Karibu, Mama Sharon."

"Unanijua?"

"Mama, kuna nani hapa asiyekujua?"

"Wewe ndiye uliyewaita hawa watoto?"

"Sikuwaita. Walisimama dirishani, mvua ikaanza kunyesha. Ningewaacha nje?"

"Mwalimu mkuu wako anajua?"

"Anajua na hajui." Madam Roselyne alicheka kidogo. "Na wa Shule ya Juu hivyo hivyo. Kila mmoja anaogopa wazee wa upande wake."

"Lakini hawa si wanafunzi wako."

"Akishaketi darasani kwangu, nitamwambiaje kwamba si wangu?"

Drusilla alimtazama yule binti, mdogo kuliko mtoto wake wa kwanza, masizi usoni, aliyekuwa amembebea mzigo wa mtoto wake miezi yote hiyo bila kumwambia mtu. Mzigo ambao yeye Drusilla alikuwa akimsumbua Mungu juu yake kila Sabato. Kumbe Mungu alishajibu, na Drusilla akaweka miiba njiani.

"Nilikuja kukugombeza," alisema.

"Niliona gambuti, nikajua," Madam Roselyne akajibu, wakacheka wote wawili.

Kisha mwalimu akasema, bila kuomba chochote, kwamba kinachomuuma ni ile maabara. Kule juu kuna maji na vioo, na yeye hapa anachemsha kwa sufuria ya uji. Angeweza kuwapeleka watoto wote, wa kijani na wa rangi ya damu ya mzee, wakafanya kwa mikono yao wenyewe. Ila kwa barabara wanafika huku kipindi kimekwisha. Jioni hiyo Drusilla aliitoa miiba yote mwenyewe, ikamchana, na hakulalamika.

Sasa, kutoa njia katika ardhi ya Wagusii si jambo la mtu kuamka tu na kulitenda. Shamba lilikuwa bado limeandikwa jina la marehemu baba mkwe wake, na mwenye neno juu yake alikuwa shemeji yake Nyamongo, aliyeishi boma la pili. Nyamongo alikuwa mzee ambaye hakuna aliyejua ni wa dhehebu gani. Jumamosi yuko nyumbani, Jumapili yuko nyumbani, na kila padri na mchungaji alikuwa amemkatia tamaa kwa zamu yake.

"Hapana," Nyamongo alisema kabla Drusilla hajamaliza. "Leo ni njia ya watoto. Kesho ni ya bodaboda. Kesho kutwa anakuja mtu na ramani kutuambia ni ya serikali. Ng'oa chai uone."

"Ni mistari miwili tu, shemeji."

"Mistari miwili ni ardhi."

Wakati huo huo likazuka jambo kubwa zaidi. Afisa wa elimu aliitisha mkutano kwenye uwanja wa kituo cha majani chai, siku ya Jumatano. Alieleza kwamba madarasa ya sekondari ya chini ya shule zote mbili yalikuwa na wanafunzi wachache na walimu wachache, na kwamba kulikuwa na pendekezo ziunganishwe. Alitaka kusikia maoni ya wazazi. Maskini, aliyasikia.

Mzee Mogaka, mwenyekiti wa Shule ya Juu na mzee wa kanisa la Wasabato, alisimama kwanza. "Tukiunganishwa, na masomo ya ziada yawekwe Jumamosi, watoto wetu waende wapi?" Ochoki, mwenyekiti wa Shule ya Chini na katekista wa kigango cha Wakatoliki, akajibu kwamba hakuna aliyetaja Jumamosi, ila kwa kuwa imetajwa, wa kwake wataimba nyimbo za nani asubuhi? Mmoja akauliza shule itaitwaje. Mwingine akasema jina la mtakatifu halitolewi ukutani kama bango la sabuni. Kufikia hapo watu wote walikuwa wamesimama, wote wakisema, na ingawa mkutano ulikuwa wa watoto, neno mtoto halikusikika tena.

Drusilla aliinua mkono. Hakuna aliyemwona. Basi akaitumia ile sauti ya shambani.

"Hee! Ketini!"

Wakaketi. Hata afisa aliketi.

"Niliweka miiba kwenye chai yangu ili nimshike mwizi," alisema. "Nikamshika binti yangu. Mikono imechanwa, mtakaotaka kuiona nendeni mkamwone. Alikuwa anaenda kuiba sayansi kwa Madam Roselyne. Yule pale, amejificha nyuma ya mti. Watoto wa Shule ya Chini wamebanana kwa madawati ili wa kwetu wakae mbele. Na sisi tumefungia maji na vyombo kwa kufuli. Mimi sijui shule itaitwaje, na shule zikibaki mbili hata milele sina neno. Lakini chai yangu nitaikata katikati, mistari miwili, kutoka lango la Shule ya Chini mpaka la Juu, mwalimu apande na watoto wake, aingie kwa maabara, arudi. Madam, utatukubalia?"

Madam Roselyne alitikisa kichwa kukubali, machozi yakimlengalenga.

Afisa wa elimu, aliyekuwa akitafuta jambo lolote la kuandika, akasema kwamba hilo linawezekana hata kabla ya kuamua juu ya kuunganishwa, mradi walimu wakuu wakubaliane na njia iwepo. Walimu wakuu, mbele ya watu wote hao, wangekataaje? Nyamongo alikuwa kwenye kona, ameangalia pembeni. Hakusema ndiyo, lakini hapana pia hakusema.

"Basi," Drusilla akamalizia kwa furaha, "tung'oe pamoja, wa juu na wa chini. Siku ya kazi ni Jumapili, asubuhi na mapema!"

Wasabato walipiga makofi. Wakatoliki walitazama viatu vyao. Ochoki akakohoa, akasema, "Tumesikia, Mama Sharon," na mkutano ukaisha.

Ijumaa alasiri Drusilla alikuwa akipika chakula cha Sabato, ili jua litakapotua moto uwe umeshafanya kazi yake. Sharon alikuwa akichambua mboga.

"Mama," alisema, "Jumapili si wale wako Misa?"

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Kwa maisha yake yote Jumapili ilikuwa siku ya Drusilla ya kufua na kulima. Kengele ya Wakatoliki ilikuwa ikimlilia kila wiki, ile ringi ya lori wanayoigonga kwa chuma, na yeye alikuwa akiisikia kama watu wanavyosikia jogoo. Alikuwa amesimama mbele ya wote, katika mkutano uliokuwa ukigombana kuhusu siku ya nani iheshimiwe, akawapangia Wakatoliki kazi ya jembe siku yao ya ibada. Nao wakanyamaza. "Tumesikia," yule mzee alisema. Bila shaka walikuwa wamesikia.

Aliangalia nje. Jua lilikuwa linashuka, na Sabato ikishaingia hakuna kwenda kwa watu kupanga mambo ya kazi. Alikuwa amechelewa.

Kesho yake kanisani hakusikia hata neno moja la hubiri. Aliona wazi jinsi mambo yatakavyokwenda. Jumapili watakuja Wasabato peke yao. Watauliza wale wa chini wako wapi, mtu atasema "Hawataki," na mwingine kule chini atasema "Wanatudharau," na wakati wazee wanapelekana kwa afisa, mwaka utakwisha na Sharon atakaa kwenye mtihani akikisia rangi ya vitu ambavyo hajawahi kuvishika. Na kwa kuwa moyo wa binadamu haupendi kubeba kosa lake peke yake, alianza kuwakasirikia Wakatoliki. Si wangesema tu? Wana midomo. Kufikia wimbo wa mwisho alikuwa na hotuba nzima ya kuwalaumu.

Alirudi nyumbani alasiri, na alipofika mgongoni mwa kilima akasimama.

Chai yake ilikuwa imefunguka. Kutoka lango la Shule ya Chini, mkanda mwekundu wa udongo ulipanda ukiwa umenyooka mpaka katikati ya shamba, na hapo ukakoma. Mtu aliyeguswa ardhi yake akiwa hayupo, huko kwao, hangoji kueleweshwa. Alianza kukimbia, viatu vya kanisani miguuni, akamkuta Nyamongo ameketi juu ya jiwe, bonge la kamba ya mkonge mapajani.

"Usinipigie kelele," Nyamongo alisema. "Nilitoka na panga mimi."

"Nani amefanya hii?"

"Wakatoliki. Wamekuja asubuhi na mitaimbo, wazee na mama zao, hata katekista amekunja suruali. Wamesema kesho hawawezi, wana ibada, na hawakutaka kukuaibisha mbele ya afisa. Wakasema leo wanafanya nusu yao."

"Nawe ukawaachia?"

"Nimekuambia nilitoka na panga!" Nyamongo alionekana kuumia. "Nikawaambia mtu akizidisha hata kidole kimoja, tutajuana. Wakasema basi weka mpaka. Ningefanya nini, niwaache wapime kwa macho? Nikafunga kamba. Nimekaa nayo hapa mpaka wakamaliza. Hawajazidisha. Na yule mwalimu wenu mdogo anachimba kuliko wanaume."

Drusilla alitembea ukingoni mwa ule udongo. Kila shimo lilikuwa limejazwa na kukanyagwa, ili mtoto asije akatumbukia. Michai ya pembeni ilikuwa imesimama vilevile, hakuna hata tawi lililovunjwa. Visiki vilikuwa vimepangwa nyuma ya jiko lake, vimekatwa ukubwa wa mafiga yake, tayari kwa kuni. Kule katikati walikuwa wamechomeka kijiti kuonyesha mwisho wao.

"Wamesema hiyo ingine ni ya watu wanaofanya kazi Jumapili," Nyamongo alisema.

Drusilla aliketi chini na gauni lake la Sabato akalia. Shemeji yake alidhani analilia chai, akaanza kumtuliza kwamba mistari miwili si kitu. Yeye hakulilia chai. Alikuwa akishukuru, na shukrani hiyo ilikuwa kubwa mno, ikamtoka kwa macho kwa sababu mdomoni haikutosha.

Jumapili asubuhi Wasabato walifika, Mzee Mogaka mbele yao na shoka begani. Walipoiona nusu ya chini, walishika kazi kwa bidii ya watu wasiotaka kushindwa usafi na jirani. Nyamongo alikuwa ameshafunga kamba yake kabla hawajafika. Walikuwa wameng'oa visiki kadhaa ringi ya lori ilipolia kule chini. Drusilla aliisikia, na mara hii aliisikia hasa. Akaweka jembe.

"Narudi sasa hivi," alimwambia Mogaka, akashuka kwa njia mpya.

Tangu aolewe kwenye kilima kile hakuwahi kuingia kanisa hilo. Aliingia na gambuti zenye udongo, akasimama nyuma. Padri hakuwepo siku hiyo; Ochoki ndiye aliyekuwa akiongoza ibada. Alipofika kwenye matangazo aliinua macho akamwona.

"Mama Sharon? Kuna shida kwa shamba?"

"Hakuna shida. Naomba kutoa shukrani."

Watu wote waligeuka. Ochoki alimpa ishara ya kusogea mbele, naye akasogea, akiacha madongo kwenye saruji waliyoifagia.

"Mnanijua kwa kelele," Drusilla alianza. "Leo sina kelele. Jumatano niliwapangia kazi siku yenu ya Bwana. Sikufanya kwa ubaya. Sikuwakumbuka tu. Nimeishi karibu nanyi miaka yote hii, nasikia kengele yenu, na sikukumbuka kwamba nanyi mna siku." Alijipangusa udongo viganjani. "Mngekaa kimya, hii njia ingekufa, na ningewalaumu ninyi. Nawaambia ukweli mbele ya Mungu, maneno ya kuwalaumu nilikuwa nimeyapanga, nikiwa kanisani. Nanyi wakati huo huo mko kwa shamba langu na mitaimbo. Mmenifanyia wema nikiwa sipo, mkaniachia na kuni. Madam Roselyne, wewe ulimpokea mtoto wangu kwenye mvua. Sina kitu cha kuwarudishia. Nimekuja kusema tu asanteni. Mbuya mono."

Nyanya mmoja kwenye benchi la mbele akapiga kigelegele, wengine wakamfuata, na Madam Roselyne alikuwa ameinama amefunika uso kwa kitabu cha nyimbo.

"Utakaa tumalize, au unarudi kwa kazi?" Ochoki aliuliza, na yeye mwenyewe alikuwa akipangusa miwani.

"Narudi. Wenzangu wananingoja."

"Nenda basi. Mwambie Mogaka tukitoka hapa tunakuja kukagua nusu yenu."

Walicheka, naye akatoka. Ibada ilipokwisha kweli walikuja, wamevaa nguo zao nzuri, wakasimama mwanzoni mwa njia wakikosoa, na Mogaka akawajibu kila kosa kwa hoja ndefu. Alasiri kijiti cha katikati kilitolewa.

Habari ya kuunganisha shule haikuamuliwa, na redioni bado wanabishana. Afisa aliandika kwamba shule mbili zitatumia pamoja maabara na mwalimu mpaka itakapoamuliwa vingine. Drusilla alisema hiyo "mpaka" inamtosha.

Jumatatu alikuwa akichuma upande wa katikati, kikapu mgongoni, alipowasikia wanapanda. Madam Roselyne alitangulia kwa mwendo wa mtu anayeogopa kupoteza hata dakika moja ya kipindi, akamsalimu "Bwakire, mama" bila kusimama. Nyuma yake watoto wa kijani, kila mmoja akisalimu. Wa Shule ya Juu walikuwa wameshuka kuwapokea, basi sweta zilikuwa zimechanganyika. Sharon alikuja karibu na mwisho, bega kwa bega na msichana wa Shule ya Chini. Walikuwa wanabishana kwa mikono na kwa macho juu ya asidi, kama itaigeuza karatasi ya litmasi kuwa nyekundu au buluu, kila mmoja ana hakika, na Sharon alimpita mama yake karibu sana hata Drusilla angeweza kumshika mkono. Hakumwona.

Drusilla alikuwa amengoja salamu ya binti yake kuliko za wote. Akamwacha apite.

Alisikia kufuli la maabara likifunguliwa, kisha viti vikiburutwa, kisha mtu akafungua bomba na maji yakaanza kumwagika kwenye sinki, na watoto wakapiga kelele ya furaha. Drusilla alisimama na majani mkononi, akasema "Asante" kwa sauti, na hakujua alikuwa akimwambia nani kati ya wote hao.